Imeli yenye jina lako mwenyewe: sanduku ni la bure, lakini jina linalipiwa

Kwenye barabara za Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, mabango ya maduka, ya shule za binafsi na ya mashirika madogo yanafanana sana. Juu kuna jina kwa herufi kubwa, katikati namba mbili ao tatu za simu, na chini kabisa anwani ya imeli inayoishia na gmail.com ao yahoo.fr. Anwani hiyo ilifunguliwa siku moja na mtu mmoja, mara nyingi sekretere ao kijana aliyejua kompyuta kuliko wengine, kwa namba yake ya simu na kwa neno la siri alilochagua yeye mwenyewe.

Shida inaonekana siku mtu huyo anapoacha kazi. Barua za wateja, za wafadhili na za ofisi za serikali zinabaki ndani ya sanduku ambalo biro haina ufunguo wake. Kampuni inayotoa imeli haiwezi kujua kama sanduku ni la shirika ao la sekretere. Inamtambua tu yule mwenye neno la siri na mwenye namba ya simu iliyoandikishwa.

Ndiyo maana watu wengi wanajaribu njia ingine: kuwa na anwani yenye jina la biro yenyewe, lakini bila kulipa kila mwezi. Njia hiyo ipo na inafanya kazi. Ila kuna kitu kimoja ndani yake ambacho si cha bure, na hicho ndicho kinachosahauliwa.

Mfano wa koperativa ya kahawa

Tuchukue mfano wa koperativa ya wakulima wa kahawa kandokando ya ziwa Kivu. Kwenye biro kuna watu watatu: kiongozi, sekretere na mtunza hazina. Wanaandikiana na mnunuzi wa Ulaya juu ya sampuli, bei na kontrati. Mwishoni, mnunuzi anatuma makuta kwenye konti ya benki iliyoandikwa ndani ya imeli.

Hapo ndipo wadanganyifu wanapenda kuingia. Mtu anafungua anwani ya Gmail inayofanana na ile ya koperativa, tofauti ikiwa herufi moja tu, halafu anamwandikia mnunuzi: «Konti yetu imebadilika, tuma kwenye hii mpya.» Mnunuzi amezoea kuona gmail.com kila siku, kwa hiyo hashangai. Makuta ya mavuno ya msimu mzima yanaweza kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata mbuni mmoja.

Koperativa ikiwa na jina lake mwenyewe upande wa kulia wa alama @, mnunuzi anajua namna barua ya kweli inavyofanana. Hiyo haimalizi wizi wote, kwa sababu mdanganyifu anaweza kununua jina linalokaribia lile la kweli. Kwa hiyo desturi ya kupiga simu kabla ya kubadilisha namba ya konti inabaki ya lazima. Lakini mlango mmoja mkubwa unafungwa.

Jina la domeni ni nini?

Mwaka 1971, mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alichagua alama @ kusudi kutenganisha jina la mtu na jina la mashine anayotumia. Mpango huo umebaki mpaka leo. Upande wa kushoto ni mtu ao kazi yake. Upande wa kulia ni domeni, ni kusema nyumba anamopatikana.

Domeni hainunuliwi mara moja kwa maisha. Inakodiwa mwaka kwa mwaka kwa kampuni inayoandikisha majina. Jina linaloishia na .com mara nyingi linagharimu kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Kongo nayo ina mwisho wake, .cd, uliowekwa mwaka 1997 wakati inchi iliacha jina la Zaire. Mbele ya hapo ilikuwa .zr, ambayo iliondolewa kabisa mwaka 2001.

Kwa hiyo mtu anayesema «nimepata imeli ya biro bure» amesema nusu tu. Sanduku linaweza kuwa la bure. Jina, hapana.

Namna ya kujaribu

Kati ya huduma zinazotoa sanduku la bure kwa domeni ya mtu, Zoho Mail ni moja ya zinazojulikana sana. Ni ya Zoho, kampuni ya India, na ilianza mwaka 2008. Mpango wake wa bure umekuwa ukikubali domeni moja, watu wasiozidi 5, gigabaiti 5 kwa kila mtu, na mafaili ya kuambatanisha yasiyozidi megabaiti 25. Kwa koperativa yetu yenye watu watatu, inatosha. Lakini masharti yanabadilika na hayafanani kila pahali, kwa hiyo ni lazima kuyasoma siku ile ya kujiandikisha. Mpango wa bure hauwekwi mbele sana: mtu anatafuta chini ya ukurasa wa bei, nyuma ya mipango ya kulipia.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba domeni ni yako. Huduma inakupa mstari mmoja wa herufi na namba, nawe unauweka pale domeni inapoongozwa, katika rekodi inayoitwa TXT. Mwenye kuweza kuuweka ndiye mwenye ufunguo wa domeni.

Hatua ya pili ni rekodi za MX. Hizi zinaambia dunia nzima barua za domeni hiyo zipelekwe wapi. Ni sawa na kumwambia motari: mizigo yote yenye jina hili, ipeleke kwenye parseli ile. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaweka MX mpya na kusahau kufuta ya zamani. Kila MX ina namba yake, na yenye namba ndogo ndiyo inajaribiwa kwanza. MX ya zamani ikibaki na namba ndogo, barua zitaendelea kwenda kwenye parseli ambamo hakuna mtu tena.

Hatua ya tatu inahusu barua zinazotoka. SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina la domeni. DKIM ni muhuri unaobandikwa kwenye kila barua. DMARC inaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyotimiza hayo. Wengi waliruka hatua hii zamani, lakini tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti: kila anayetuma anapaswa kuwa na SPF ao DKIM, na wale wanaotuma barua nyingi sana wanapaswa kuwa na zote tatu. Biro isiyofanya hivyo isishangae barua zake zikianguka kwenye takataka ao zikirudishwa.

Kisha ni kungoja. Mabadiliko yanaweza kuonekana kisha dakika chache, lakini pengine yanachukua siku moja ao mbili. Jaribio ni rahisi: tuma barua kwa rafiki mwenye Gmail na kwa mwingine mwenye Yahoo, waombe wajibu, halafu waulize kama waliikuta kwenye sanduku la kawaida. Kwenye Gmail ya kompyuta, sehemu ya «Afficher l'original» inaonyesha kama SPF na DKIM zimepita. Mbele jaribio halijafaulu kwa pande zote mbili, anwani mpya isiandikwe kwenye bango.

Unachopata na unachokosa

Mpango wa bure unafunguliwa kwenye intaneti ao kwenye programu ya simu ya huduma yenyewe. Kuunganisha sanduku na Outlook ao Thunderbird kupitia IMAP ni jambo la wanaolipa. Kwa biro iliyozoea kushusha barua zote ndani ya kompyuta na kuzisoma wakati mtandao umekatika, hiyo ni hasara kubwa.

Lakini upande mwingine kuna faida ambayo wakaaji wa Mashariki wanaielewa haraka. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma kwa maelfu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Vita navyo vimefunga biro nyingi, tena zaidi ya mara moja. Barua zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta moja zinabaki mezani, zinaibiwa ao zinaungua pamoja nayo. Zile za kwenye intaneti zinafunguliwa kwa simu yoyote, popote penye mtandao, mradi mtu akumbuke neno la siri.

Afadhali pia masanduku yapewe majina ya kazi, si majina ya watu: biro@, mauzo@, hazina@. Sekretere akiondoka, kiongozi anabadilisha neno la siri na mwingine anaendelea na barua zilezile. Mnunuzi wa Ulaya haoni tofauti yoyote.

Bure ina mwisho wake

Anayetegemea sanduku la bure anapaswa kujua yaliyotokea kwa wengine. Microsoft ilianza kutoa imeli ya bure kwa domeni za watu mwaka 2005. Mwaka 2014 ilifunga mlango kwa wapya. Google ilifanya hivyo tangu Agosti 2006, na tarehe 6 Desemba 2012 iliacha kupokea wapya bila malipo. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba hata wale wa zamani watalipa, kisha malalamiko ikakubali waliotumia kwa mambo yao ya nyumbani waendelee bure. Kampuni na biro ziliombwa kulipa.

Hakuna aliyedanganywa. Kampuni inatoa bure kusudi watu waizoee, na siku hesabu zake zinabadilika, masharti nayo yanabadilika. Tofauti iko hapa: mwenye anwani ya gmail.com hawezi kuhama nayo, lakini mwenye domeni yake anahamisha barua za zamani, anabadilisha rekodi za MX, na kisha siku moja ao mbili anapokea barua kwenye huduma ingine. Anwani iliyo kwenye bango, kwenye kontrati na kwenye simu za wateja haiguswi.

Hata inchi inaweza kusahau

Ndiyo sababu jina linastahili kuchungwa kuliko sanduku. Mwishoni mwa mwaka 2020, mtafiti wa usalama Fredrik Almroth, wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliona kwamba domeni scpt-network.com ilikuwa inaachiliwa bila kulipiwa upya. Haikuwa domeni ya kawaida: ilikuwa inabeba moja ya seva zinazoongoza majina yote ya .cd. Aliinunua mbele mtu mbaya hajaichukua, akawaarifu wahusika Januari 2021. Karibu nusu ya maulizo ya mtandao juu ya majina ya .cd ingeweza kupita mikononi mwa yeyote ambaye angeifikia kwanza. Seva hiyo ilihamishiwa kwenye jina lingine, na inchi ikaponyoka.

Kwa koperativa, mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo. Domeni isipolipiwa, kisha muda fulani inarudi sokoni. Mgeni anayeichukua anaweza kuweka MX zake na kuanza kupokea barua za mnunuzi. Anaweza hata kuomba neno la siri jipya la konti zingine zilizofunguliwa na anwani ile. Hahitaji kuvunja kitu chochote. Anatumia nyumba ambayo mwenyewe aliiacha wazi.

Mitego miwili inaleta ajali hiyo. Wa kwanza: kampuni ya kuandikisha majina inatuma makumbusho ya malipo kwa imeli, lakini biro iliipa anwani ya domeni ileile. Siku domeni inasimama, sanduku nalo linasimama, na makumbusho ya mwisho hayasomwi na mtu. Konti ya domeni inapaswa kuwa na anwani ya nje, inayojulikana na watu wawili angalau.

Mtego wa pili ni wa kila siku huku kwetu. Biro haina kadi ya benki, kwa hiyo inamlipa fundi wa kompyuta kwa simu, naye ananunua domeni kwa kadi yake na kwa jina lake. Hakuna ubaya ndani yake, pengine ni msaada mtupu. Lakini mbele ya kampuni ya majina, mwenye domeni ni fundi. Akihama, akikosana na kiongozi ao akifa, koperativa inarudi palepale ilipoanzia na Gmail ya sekretere.

Kwa hiyo siku fundi anapokuja na kusema kazi imekwisha na imeli mpya inapita, kiongozi asimlipe sehemu ya mwisho bado. Amwombe afungue mbele yake konti ya domeni, amwonyeshe jina la nani limeandikwa pale pa mwenyewe, na tarehe ya malipo yanayofuata. Jina likiwa la koperativa, na tarehe hiyo ikiandikwa kwenye kalenda ya biro, hapo ndipo anwani itakuwa yao kweli.