Mzee Aliyenifundisha Kusoma Kioo

Kila aliyejifunza kazi anaye mtu mmoja ambaye hamsahau. Wangu alikuwa dereva wa gari la moshi kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 1971 mimi nilikuwa kijana wake wa kutunza moto na maji.

Injini zetu zilikuwa zile Garratt kubwa zilizoundwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja yenye uzito wa tani 250 hivi, nazo zilipewa majina ya milima. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia moto usififie, na maji yasipungue katika boila.

Siku ya kwanza mzee aliniambia, "Mwanangu, usikiamini kioo cha maji penye mlima." Maana injini ikipanda, maji hurudi nyuma upande wa moto, na kioo huonyesha mengi. Ikivuka kilele, maji hukimbilia mbele. Bati lililo juu ya moto likiachwa kavu, boila yaweza kupasuka na kuua watu. Niliitika, "Ndiyo, mzee," lakini sikutia moyoni.

Usiku mmoja tulikuwa tukipanda kutoka pwani. Kioo kilionyesha nusu, nikaketi kupumzika. Tulipofika juu, maji yalishuka mpaka yakabaki upana wa kidole. Mzee hakupiga kelele. Alifunga mafuta mwenyewe, akafungulia maji, akasimamisha gari. Tukangoja gizani mpaka kioo kikapanda.

Asubuhi tuliulizwa sababu ya kuchelewa. Nilijua kuwa neno moja la mzee lingetosha kunitoa kazini. Moyoni nilitamani aseme tulizuiwa na ng'ombe njiani. Yeye akaandika kweli: maji yalipungua. Kisha akaongeza, "Dereva ni mimi." Akapewa onyo kwa maandishi, mtu wa miaka mingi asiye na doa.

Tulipotoka nje nilimwomba radhi. Akanijibu, "Radhi utaniomba kwa kazi yako." Tangu siku ile nilikitazama kioo kama mama amtazamavyo mtoto mgonjwa. Naye hakulitaja tena jambo hilo, hata nilipokuwa dereva na rafiki yake, tukinywa chai kwake jioni.

Injini zile ziliondolewa kazini zamani. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi. Baada ya kumzika mzee nilikwenda huko na mjukuu wangu. Akaniuliza, "Babu, kioo hiki cha nini?" Nikamweleza yote, na kosa langu sikulificha.

Ndugu msomaji, kama mzee wako wa kazi yu hai, mwendee wiki hii ukamshukuru. Mimi shukrani yangu niliitoa kaburini.