KUUZA MAZAO KWA SIMU: KAZI YA BROKA ITAFANYWA NA NANI?



Vikundi vingi vinatuuliza: "Mbona tuendelee kumwuzia broka viazi kwa bei ya chini, na kwa simu tunaweza kumpata mnunuzi sisi wenyewe?"

Swali ni zuri. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa hufika upesi kuliko gari. Siku hizi mwenye hoteli Nairobi anaweza kuona picha ya viazi vyenu kwa WhatsApp au Facebook, akaagiza na kulipa bila kukanyaga Marikiti.

Lakini tusidanganyane. Broka akitoka, kazi yake inabaki. Magunia, gari, kupakia, hasara ya kuoza: hayo yote sasa ni yetu. Basi tupige hesabu kwanza.

Tuseme broka analipa shilingi 1,500 kwa mfuko, na mwenye hoteli atalipa 2,500. Mifuko 10 kwa broka ni 15,000. Kwa hoteli ni 25,000. Toa gari 4,000, magunia 500, wapakiaji 500, simu 100, na mfuko mmoja uliokataliwa 2,500. Mnabaki na 17,400. Faida ni 2,400, wala si 10,000 kama mlivyodhani. Faida ipo, lakini ukisahau gari tu, hesabu yako imekosea.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa uchungu. Tulipeleka kreti za nyanya mjini kwa mtu tuliyempata kwa simu. Akatutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa M-Pesa, nasi tukashusha mzigo. Kutazama salio, hakuna kitu. Simu yake haikupatikana tena. Nyanya zile zilikuwa za akina mama sita, na wawili wao walikuwa wakingojea hiyo pesa walipe karo. Ilibidi tuwalipe kidogo kidogo kutoka kwa mfuko wa kikundi.

Kwa hivyo tunashauri hivi:

1. Anzeni na mnunuzi mmoja mnayemjua: shule, hoteli, au watoto wenu walio mjini na majirani zao.

2. Picha iwe ya mazao yale yale mtakayopeleka. Mkificha yaliyooza chini ya gunia, mmeuza mara moja tu.

3. Uzeni kwa kilo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50. Lumbesa humwibia mkulima.

4. Vuneni kwa oda. Sukuma wiki ichumwe asubuhi na mapema, ikae kivulini. Nyanya za safari zichumwe zikianza tu kugeuka rangi. Viazi visioshwe wala visianikwe juani, maana vitakuwa vya kijani na havifai kuliwa.

5. Mnunuzi mgeni atangulize nusu ya malipo. Mzigo usishushwe kabla nusu ya pili kuingia. Tazameni salio, si ujumbe. Namba ya siri asipewe mtu.

6. Mmoja ajibu simu, mwingine aandike: nani ameleta kilo ngapi, zimeuzwa bei gani, amelipwa lini. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na msigombane na broka. Siku ambayo oda imekosekana au mvua imekata barabara, huenda ndiye atakayefika shambani. Tofauti ni kwamba sasa mnajua bei ya mjini, na hata yeye atajua kwamba mnajua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Kutoka kwetu hadi mjini, gari ni pesa ngapi? Tunaweza kuchanga na kikundi jirani?
- Ni nani kati yetu ana simu ya kupiga picha, na ni nani tunamwamini na daftari?
- Mzigo ukiharibika njiani, hasara itagawanywa vipi?

Swali hilo la mwisho lijibiwe kabla ya gari kuitwa.