Ndege za Mbao Nusura Zinivunjie Nyumba

Mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, fundi seremala mwenye karakana na wateja, akionekana usiku ameinama chini ya taa akigundisha gurudumu la ndege lisilozidi punje ya hindi, watu wa Awendo hawakosi la kusema. Mtu huyo ndiye mimi. Kuna walioninong'ona kisogoni kwamba nimerogwa. Wengine, walio wapole zaidi, huuliza tu kama ndege yenyewe itaruka. Haitaruka, wala haikuundwa ili iruke.

Kabla sijaungama makosa yangu yafaa nieleze kazi hii, kwani wengi huichanganya na vile vindege ambavyo watoto huunda njiani. Kindege cha mtoto kikiwa na mabawa mawili na mkia, basi kimetosha. Mfano wa kipimo ni jambo jingine. Wapenzi wa kazi hii duniani hupendelea sana kipimo cha moja kwa 72, maana yake inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege ya kweli. Chukua DC-3, ile ndege ya injini mbili iliyotumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni mita 29. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 40. Ukikosea kwa milimita mbili tu hapo mezani, ni sawa na kukosea sentimita 14 kwenye ndege yenyewe, na jicho lililozoea litaona mara moja.

Huko Uingereza, tangu kampuni ya Airfix ilipoanza kuuza ndege za vipande vya plastiki katika miaka ya 1950, mtu huenda dukani akanunua sanduku, akarudi nalo nyumbani, akaunganisha vipande na mwanawe Jumamosi moja, kisha akapaka rangi. Kwetu sanduku kama hilo, ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, ni chakula cha nyumba kwa siku nyingi. Kwa hiyo mimi huchonga. Mbao zangu za karakana hazifai kwa kazi hii, kwani ni nzito na nyuzi zake hukatika vibaya zikichongwa nyembamba. Lakini kando ya Ziwa Victoria huota mti ambao sisi Wajaluo twauita orindi, mwepesi ajabu, ambao wavuvi wamekuwa wakiutumia kwa maboya na vyelezo tangu zama za mababu. Huchongeka kwa wembe, na ukiupitishia msasa laini hutoka kama pembe ya ndovu. Kwa vioo vya rubani natumia chupa ya soda ya plastiki. Huipasha moto polepole hadi ilainike, kisha huivuta juu ya kibao nilichokichonga kwa umbo la kioo. Spoki ya baiskeli hutoa vyuma vya magurudumu. Rangi huomba kwa waandishi wa mabango, ile inayobaki chini ya kopo.

Mapenzi haya yaliniingia nikiwa mdogo. Tulikuwa tukiunda ndege kwa kiini cha bua la mahindi na kwa ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge, tukiunganisha kwa miiba. Kisha katika miaka ya 1980 marehemu baba alinichukua Kisumu kumpokea jamaa yetu, nikaiona Fokker ya Kenya Airways ikiteremka, mabawa yake yakiwa juu ya madirisha na magurudumu yakining'inia kama miguu ya korongo. Sikumwona hata huyo jamaa tuliyemwendea.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Kisumu ni mji wa kale sana katika mambo ya ndege. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, nayo ilipitia Kisumu. Kuanzia 1937 zikaja zile ndege kubwa za majini za Short, zenye tumbo kama la mashua na injini nne aina ya Bristol Pegasus, zikiteremka juu ya maji ya Ghuba ya Winam, zikienda hadi Durban. Ebu fikiri mvuvi aliyekuwa ameketi juu ya chelezo chake cha orindi asubuhi hiyo, akaona nyumba inashuka kutoka mbinguni na kupasua maji mbele yake.

Hiyo ndiyo ndege niliyoazimia kuiunda, na kwa mti uleule wa orindi. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa karibu mita 35, kwa hiyo mfano wangu ulipaswa kuwa na sentimita 48. Nilianza Januari 2018. Na hapo ndipo matata yalipoanza.

Mama Watoto huuza omena sokoni. Hurudi jioni amechoka, hupika, huwasimamia watoto na masomo yao, na hakuwa na neno juu ya ndege zangu miaka yote tuliyooana. Alizihesabu kama wanawake wengine wanavyohesabu bao au pombe ya waume zao, akaona amepata nafuu. Lakini ndege ya majini haikuwa kama zile za kwanza. Ile DC-3 nilikuwa nikiifanya nikipata nafasi. Hii nilikuwa nikiitafutia nafasi, na nisipoipata niliiba. Nililala saa nane usiku, nikafika karakana saa nne asubuhi. Mlango wa choo chetu ulikaa miezi mitano bila bawaba, na mwenye nyumba hiyo ni seremala!

Kisha nikagusa fedha zisizo zangu. Mteja mmoja aliniagiza kitanda na kabati, akanipa arubuni ya shilingi 9,000 za kununulia mbao. Nikatoa 3,500 nikanunua kitoboleo kidogo cha umeme na makopo ya rangi, nikijiambia kwamba nitazirudisha wiki ijayo mteja mwingine akilipa. Huyo mwingine hakulipa. Eneo hili letu la miwa mwajua lilivyo: fedha za miwa zikichelewa, kila mtu humwambia mwenziwe "kesho," kuanzia mwenye duka hadi mwenye bodaboda. Wiki tatu zikapita bila kitanda wala kabati. Mteja hakunijia karakana. Alikwenda sokoni akasimama mbele ya meza ya omena, akamwambia mke wangu mbele za watu kwamba mumewe ni mwizi.

Mke wangu alimrudishia mtu yule fedha zake zote siku ileile. Zilikuwa fedha za chama. Zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa amekusudia kujengea kibanda kipya chenye bati. Jioni alinieleza kwa maneno machache sana, akaniandalia chakula, akalala. Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba usiku huo sikugusa ndege. Niligusa.

La pili lilikuwa baya zaidi, ingawa halikugharimu senti. Kitinda mimba wetu, wakati huo akiwa na miaka mitano, aliingia chumbani nikiwa nje, akaitwaa ndege ya majini kutoka mezani na kuirusha huku na huko akivuma kwa mdomo, kama mtoto yeyote mwenye akili timamu angefanya. Bawa likavunjika. Niliporudi na kuona, nilipiga ukelele ambao majirani walidhani ni wa nyoka, nikamwinulia mkono. Sikumpiga. Lakini tangu siku hiyo, nilipoingia chumba alichomo, alikuwa akiondoka taratibu kwa kufuata ukuta. Bawa nililiunga kwa siku mbili. Yule mtoto ilinichukua miezi kumrudisha.

Wiki moja baadaye mke wangu aliweka daftari la shule mezani kwangu, juu ya michoro. Yeye ndiye mweka hazina wa chama chao, na ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Alikuwa amepiga mistari akagawa ukurasa katika safu tatu, akaandika saa zangu za juma zima. Karakana, saa 31. Ndege, saa 23. Safu ya tatu ilikuwa na neno "Watoto" na chini yake hamkuwa na kitu.

"Hiyo sikusahau kuijaza, Baba Watoto," akasema.

Mwanamume akibanwa hukimbilia vitabuni. Nikamweleza habari za Orville na Wilbur Wright wa Marekani, waliorusha ndege yenye injini mwaka 1903. Nikamwambia kwamba jambo lote hilo lilianza mwaka 1878, baba yao, aliyekuwa askofu, alipowaletea kichezeo cha mwanzi, kizibo na karatasi kilichozungushwa kwa mpira kikaruka hadi darini. Je, mtu angesema askofu yule alipoteza wakati?

Mama Watoto alifikiri kidogo. "Askofu huyo," akasema, "aliwapa watoto wake kichezeo. Wewe umewanyang'anya wako."

Na binti yetu mkubwa, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akaongeza kwamba shuleni wamesoma kuwa ndugu hao wawili hawakuoa hata mmoja. Nilitaka kumkaripia, nikashindwa kwa kicheko, mama yake naye akacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuzuia kupelekana kwa wazee.

Tulizungumza hadi usiku wa manane. Kulikuwa na hoja moja aliyonibana nayo ambayo mpaka leo sina jibu. Sisi ni Wasabato, kama wengi wa pande hizi tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa mwaka 1906. Akaniuliza: ndege ni kazi au ni mchezo? Kwani akiniuliza faida yake humwambia ni mchezo tu wa kupumzisha akili. Lakini watoto wakinisumbua huwaambia nyamazeni, baba yu kazini. Ni kweli. Nilikuwa nikilibadilisha jina kama mfanyabiashara abadilishavyo mizani.

Tukakubaliana hivi. Ndege ni mchezo, basi zisile fedha za kazi hata shilingi. Vipande vya mbao vinavyobaki karakana naviunda vigoda vya kukalia jikoni, na fedha za vigoda huingia katika kopo la maziwa lenye tundu juu. Kopo likiwa tupu, hakuna rangi. Siku zangu ni Jumanne na Alhamisi, baada ya watoto kula na kuonyesha kazi za shule, hadi saa nne ya usiku. Meza ilitoka nyumbani ikaenda karakana, na hili nawashauri wote wenye mchezo kama huu, kwani vumbi la msasa na harufu ya gundi na rangi si vitu vya kuvutwa na mtoto aliyelala, na nyembe zangu zilikuwa zikilala mahali ambapo kitinda mimba angeweza kuzifikia. Kwa miaka mingi sikuliona hilo.

Nisijipambe. Nimevunja mapatano mara kadhaa. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na wateja wakaadimika, nilikaa karakana hadi usiku siku nne mfululizo, na ya tano nikalikuta daftari lile limewekwa wazi juu ya randa yangu, ukurasa mpya, mistari imekwisha kupigwa. Hakuna aliyesema neno. Nilifunga karakana saa tisa alasiri, nikaenda kuwafundisha watoto hesabu.

Ilikuwa katika hesabu hizo ambapo binti mkubwa alinigundua kosa. Nilimpa mchoro wa ndege ya majini agawe vipimo kwa 72, akaniambia mkia wangu ni mfupi kwa milimita tatu. Nikapima. Alikuwa sahihi. Tulikata mkia tukaunda mwingine, yeye akishika rula na mimi wembe. Wale wawili wa kati huja wakijisikia. Kitinda mimba, ambaye moyoni nilimtaka zaidi ya wote, hapendi ndege kabisa. Yeye ni mpira. Ikiwa timu ya Sony inacheza hapa Awendo, huwa tayari mlangoni na viatu vyake vya raba, nami humpeleka, hata kama najua kipindi cha pili kitanitia usingizi. Safari moja huko uwanjani alinishika mkono helikopta ya wanasiasa ilipopita juu ikielekea mazishini, akaninong'oneza nisiiangalie, nitakosa bao. Nikatii.

Kibanda cha omena kilipata bati lake mwaka uliofuata, kwa mbao zangu na bila malipo. Mlango wa choo una bawaba tatu, ingawa mbili zingetosha.

Ndege ya majini bado haijamalizika. Tumbo liko tayari na limepakwa rangi ya fedha, mabawa yako mahali pake, na kovu la lile lililovunjika utaliona ukiinamisha taa. Injini tatu zina propela. Ya nne nimekwisha kuichonga, iko ndani ya kibiriti, yangoja gundi. Mke wangu aliiona juzi akauliza kwa nini nisiimalize mara moja nikapumzika. Nilimwambia ilikuwa Jumatano.