Bonane ya Wachina: mwaka unaanza kwa kurudi nyumbani



Bonane yetu imepita. Kuku ameliwa, nguo mpya za watoto zimekwisha kufuliwa, na tarehe 4 Januari tumekumbuka wale waliokufa kwa ajili ya uhuru. Lakini mwenye ndugu anayefanya kazi na Wachina kule Kolwezi, Fungurume ao Lubumbashi anajua kwamba kwao mwaka haujaanza bado. Kila Januari ao Februari wakubwa wengine wa kazi wanapanda ndege kurudi kwao, na wanaobaki wanatundika taa nyekundu kambini na kupika pamoja. Watu wetu wanashangaa: "Lakini bonane si ilikwisha?"

Tangu mapatano ya 2008 yaliyozaa kampuni ya Sicomines huko Kolwezi, vijana wengi wenye diploma wanaenda kutafuta kazi upande ule. Inafaa basi tujue hawa watu wanasherehekea nini. Na ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Tuanze na tarehe. Wachina wanatumia kalenda ya kawaida kwa kazi na shule, kama sisi. Lakini kwa sikukuu za jamaa wanafuata kalenda yao ya zamani, ambamo kila mwezi unaanza siku ya mwezi mwandamo. Miezi 12 ya namna hiyo inafanya karibu siku 354, inapungukiwa siku 11 hivi. Ili sikukuu isitoroke majira yake, wanaongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili ao mitatu. Ndiyo maana mwaka wao mpya unaanguka kati ya 21 Januari na 20 Februari hivi: 2025 ilikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari, 2027 ni 6 Februari. Kila mwaka una mnyama wake kati ya wanyama 12. 2026 ni mwaka wa farasi. Sikukuu yenyewe inaitwa Chunjie, ni kusema Sikukuu ya Majira ya Machipuko, na desturi zake zinaendelea mpaka siku ya 15, usiku wa taa. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa wanadamu, sawa vile ilivyoandika rumba ya Kongo mwaka 2021.

Sasa, wanafanya nini? Kwanza wanafunga mwaka wa zamani. Nyumba inafagiliwa yote kabla ya siku ya kwanza, juu ya siku yenyewe hawagusi ufagio, wasije wakafagia bahati na kuitupa inje. Desturi ya zamani ilitaka pia madeni yalipwe kabla ya mwaka kwisha, na mwaka ukishaanza haikufaa kumfuata mtu mlangoni kumdai. Kwenye milango wanabandika karatasi nyekundu zenye maneno ya baraka. Hadithi yao inasema kulikuwa mnyama mbaya anaitwa Nian, anayeshambulia kijiji kila mwisho wa mwaka, na watu waligundua kwamba anaogopa rangi nyekundu, moto na makelele. Ndiko watu wanapata maana ya fataki.

Kisha, usiku wa kuamkia mwaka mpya, wanakula. Hicho chakula cha usiku ndicho moyo wa sikukuu nzima. Samaki hakosekani kwa meza nyingi, kwa kuwa neno "samaki" kwa Kichina linasikika sawa na neno "ziada". Wengine wanamwacha asimalizike, ili kitu kibakie kwa mwaka unaokuja. Kaskazini wanakunja jiaozi, vipande vya unga vyenye nyama ndani, na jamaa yote inakaa kuvikunja pamoja. Na kuna nyumba ambamo, kama mtoto hakuweza kufika, wanamwekea bakuli na vijiti vyake mezani. Hayuko, lakini nafasi yake iko.

Halafu kuna bahasha nyekundu, hongbao, yenye makuta ndani. Wakubwa wanawapa watoto. Hesabu yenye 4 inaepukwa, juu ya sauti yake inakaribia neno la kifo; 8 inapendwa. Lakini angalia hii: kwa sehemu nyingi, zaidi kusini, kijana ambaye hajaoa hadaiwi kutoa bahasha, hata kama ni mtu mzima. Bado anahesabiwa upande wa wanaopokea. Desturi inamngojea.

Ili kufika kwa hiyo meza, China nzima inasafiri. Tangu miaka ya 1980 mamilioni mengi ya wanavijiji wameenda kufanya kazi kwenye viwanda vya mijini, na wengi wao wanaona watoto wao mara moja kwa mwaka, kwa sikukuu hii tu. Msimu wa safari unadumu siku 40 hivi, na hakuna mwendo mwingine wa watu mkubwa hivyo duniani kila mwaka.

Msifikiri kwamba wote wanarudi na furaha. Vijana wengi wa Kichina wanaogopa maulizo: unapata mshahara kiasi gani? Utaoa lini? Wengine wanafikia hata kukodi mchumba wa bandia wa kuonyesha wazazi. Wengine wanasema kazi imewazuia, kumbe wanaona haya ya kurudi mikono mitupu.

Hapo tunafikia kwetu. Tuseme ukweli: ni wangapi kati yetu walikula bonane peke yao Kolwezi ao Lubumbashi, chumba kimoja, simu imezimwa, kisa hakuna kitu cha kupeleka Kamina? Njia ni ndefu, treni inachelewa, nauli ni ngumu, hayo ni kweli. Lakini mara nyingi kinachotuzuia ni ile diploma. Jamaa ilitoa minerval miaka mitano, na sasa tunaona tukirudi bila makuta ni kama tumewaiba. Na sisi tulio nyumbani tunaongeza uzito, tukimpokea anayefika kwa kumtazama mizigo kwanza, kabla ya sura yake.

Wachina wana mwogopo huohuo, lakini desturi yao ya zamani imeweka jibu mezani: bakuli la asiyekuwapo. Mama anayeliweka hapigi hesabu ya mshahara. Kwetu pia mama hawezi kula bukari yake ya bonane bila kuuliza mtoto fulani yuko wapi.

Basi, kwa aliyekosa nauli, apige simu, hata leo. Bonane haina mwisho kwa mzazi. Kwa aliye na nauli lakini anaona haya, aje. Na wewe uliye nyumbani, ndugu akifika, mpe maji na kiti. Maulizo ya kazi yangoje kesho.

Bonane njema kwetu wote, na kwa wale wa tarehe 17 Februari pia.