Mkono Unaokumbuka

Emily Kame Kngwarreye alianza kuchora kwa rangi za akriliki kwenye turubai mwaka 1988, umri wake ukikaribia miaka 80. Alikuwa mwenyeji wa Utopia, eneo kame katikati ya Australia, na shule ya uchoraji hakuijua. Hadi anafariki mwaka 1996 alikuwa ameacha kazi zinazokadiriwa kufika 3,000. Mojawapo, Big Yam Dreaming ya mwaka 1995, ina upana wa mita 8: mistari myeupe inapindana na kukatana juu ya weusi mtupu, ikifuata mizizi ya kiazi cha porini inavyotambaa ardhini. Turubai ilitandikwa chini, naye aliketi pembeni au juu yake na kuanza kupaka, bila mchoro wa awali.

Wapenda visa husema kipaji kililala miaka 80, kisha kikaamka. Mimi siamini. Mama huyu alikuwa amepaka mistari kwenye vifua na mabega ya wanawake wenzake tangu zamani, katika sherehe zao ziitwazo awelye, na kuanzia mwaka 1977 alikuwa akitengeneza batiki. Mkono ulikwishajua kazi. Kilichochelewa kufika ni turubai.

Sayansi ya kumbukumbu inasaidia kulieleza jambo hili. Majina, tarehe na matukio hutegemea sana hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo ambayo husinyaa kadiri umri unavyosonga. Ujuzi wa mikono una makao mengine: mafundo ya seli yaliyo katika kina cha ubongo, pamoja na serebelamu iliyoko kisogoni. Ujuzi uliorudiwa maelfu ya mara haufutiki kirahisi. Ndiyo maana bibi wa Pemba anaweza kutaja majina ya wajomba wote kabla ya kulipata la mjukuu anayemwita, na huku vidole vyake vinasuka ukili bila kuruka mwaa hata mmoja.

Kwa hiyo tunapomwona mzee akichora "kwa hisia tu", tusidhani anachota hewani. Kule Marekani, Anna Mary Robertson Moses, maarufu kwa jina la Grandma Moses, alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi mpaka ugonjwa wa viungo ukafanya sindano iwe mateso. Akahamia kwenye brashi akiwa na miaka kama 78. Alifariki mwaka 1961, akiwa na miaka 101.

Bado hatujagusa suala la uhuru wa kuanza bila kujua picha itaishia wapi. Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun waliwalaza wapiga piano 6 wa jazi ndani ya mashine ya MRI, wakiwa na kinanda kidogo mapajani. Walipopiga wimbo waliokariri, ubongo ulifanya kazi kwa namna moja. Walipotunga papo hapo, pande za mbele za ubongo, zinazohusika na kujikagua na kujisahihisha, zilipunguza kazi, na eneo la mbele katikati, linalohusishwa na kujieleza, likachangamka. Hao ni wanamuziki stadi, si wastaafu wenye brashi, na watu 6 ni wachache mno. Ila angalau tumeonyeshwa kuwa mkaguzi wa ndani anaweza kunyamaza kwa muda na kazi ikaendelea.

Utafiti unaowahusu wazee wenyewe ulitoka Ujerumani mwaka 2014. Anne Bolwerk na wenzake waliwachukua wastaafu 28 na kuwagawa makundi mawili. Kwa wiki 10, kundi moja lilichora na kupaka rangi kwa mikono yao; jingine lilitazama kazi za sanaa katika makumbusho ya Nuremberg na kuzijadili. Vipimo vya MRI vilifanyika kabla na baada. Kwa wachoraji, mawasiliano yaliimarika ndani ya mtandao wa ubongo unaofanya kazi tunapotulia na kujifikiria, na mabadiliko hayo yaliambatana na ustahimilivu mkubwa zaidi wa msongo. Kwa wale wa kutazama na kujadili, mabadiliko ya namna hiyo hayakuonekana, ingawa nao walitoka nyumbani, wakakutana na watu na wakafikiri.

Watu 28 hawatoshi kutangaza dawa ya uzee. Lakini anayetaka kumtafutia mzazi mstaafu shughuli anaweza kuchagua kati ya tiketi ya makumbusho na kopo la rangi, nami ningenunua kopo. Wala si lazima litoke duka la wasanii: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi.