Maradhi ya Samaki wa Mapambo: Maji Yatazamwe Kabla ya Dawa

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hiyo yasemwa kwa ajili ya watu, lakini mwenye bwawa la samaki wa mapambo huielewa kwa njia yake. Asubuhi moja humkuta samaki mmoja amejitenga na wenziwe, mapezi ameyabana mwilini, na ubavuni mwake pana kidonda chekundu. Baada ya siku chache wa pili naye huonekana katika hali ile ile. Ndipo mwenyewe akimbiliapo dawa, akaimimina bwawani. Na mara nyingi samaki huzidi kufa hali dawa imo majini.

Hasara hiyo si ndogo. Samaki wajulikanao sana katika mabwawa ya mapambo ni samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni Uchina, na koi, ambao asili yao ni Japani. Katika nchi ya milima ya Niigata, wakulima wa mpunga walikuwa wakifuga kapu kwa chakula. Katika karne ya 19 baadhi ya kapu hao walizaliwa na rangi nzuri, na wakulima wakawachagua na kuwazalisha. Mwaka 1914 walionyeshwa katika maonyesho makubwa mjini Tokyo, na sifa zao zikaenea. Koi atunzwaye vema huweza kuishi zaidi ya miaka 20, akamjua amlishaye na kumjia ukingoni. Kumpoteza samaki wa namna hiyo kwa muda wa juma moja ni msiba kwa mwenyewe.

Kidonda cha ubavuni mara nyingi huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, hasa vya jamii ya Aeromonas. Vingine, vya jamii ya Flavobacterium, hufanya madoa meupe mdomoni na mgongoni, hata mtu akadhani ni kuvu. Vingine hula mapezi yakachanika kama kitambaa kikuukuu. Pengine tumbo huvimba na magamba yakasimama wima. Hiyo ni dalili kwamba viungo vya ndani vimeharibika, na ni wachache waponao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vingi vya vijidudu hivyo havikuja kutoka mbali. Aeromonas humo katika maji baridi karibu popote, hata katika matumbo ya samaki wazima. Samaki amepewa ngao ya ute na magamba, na maadamu ngao hiyo ni nzima na mwili una nguvu, adui hukaa nje. Basi swali si vijidudu vimetoka wapi, bali ni kitu gani kilichoivunja ngao.

Mara nyingi jibu limo majini. Samaki hutoa amonia, na chakula kilichosazwa huoza kikaiongeza. Amonia huunguza matamvua na ngozi. Katika chujio la bwawa wapo bakteria wema ambao huigeuza amonia kuwa naitriti, iliyo sumu bado, na wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kuzaana. Kwa hiyo bwawa jipya lililojazwa samaki wengi kwa siku moja ni mtego. Klorini iliyomo katika maji ya bomba nayo huwaua hao wema na kuwaunguza samaki. Katika nchi za baridi hatari huzidi mwanzo wa majira ya kuchipua, kwa kuwa kinga ya samaki huchelewa kuamka. Katika nchi za joto, maji yenye moto hushika oksijeni kidogo, na samaki waliosongamana hudhoofika.

Sasa yafahamika kwa nini dawa iliyomiminwa ovyo hudhuru. Dawa za kuua bakteria haziwezi kuwabagua wema na wabaya. Bakteria wa chujio wakifa, amonia hupanda, na samaki mgonjwa huunguzwa mara ya pili. Tena vijidudu vilivyozoea dawa huwa sugu. Nchini Uingereza dawa hizo hazipatikani ila kwa cheti cha daktari wa mifugo.

Afanyeje basi mwenye bwawa? Kwanza na apime amonia na naitriti. Zikionekana, apunguze chakula na kubadilisha sehemu ya maji, kama robo, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Hewa iongezwe. Samaki atazamwe kama ana chawa au ruba, kwa maana hao hutoboa ngozi na kufungua mlango. Mgonjwa atengwe. Chumvi isiyo na kitu kingine, kilo 3 kwa lita 1,000, iliyoyeyushwa kwanza, humpunguzia mateso. Lakini ikumbukwe kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, na mimea mingi haiipendi. Kidonda kikiwa kirefu, na aitwe daktari wa mifugo achague dawa ifaayo. Samaki mgeni akae peke yake kwa majuma manne, na awe na wavu wake.

Mwenye bwawa ajilinde pia. Mwaka 1926 Aronson alieleza bakteria aliyemkuta katika samaki wa Philadelphia, Marekani, ambaye leo huitwa Mycobacterium marinum. Na mwaka 1954 ilithibitishwa nchini Sweden kwamba huweza kuwaletea watu vidonda vya ngozi visivyopona upesi. Mwenye jeraha mkononi asiutie bwawani bila glavu, na akipata uvimbe usiopona, amweleze tabibu kwamba hufuga samaki.

Methali haikukosea. Lakini katika bwawa, kabla samaki wa kwanza hajaoza, maji huwa yamekwisha kuharibika. Na ayapimaye kila juma huuona msiba kabla haujafika.