Tumaini Wakati wa Taabu: Habari za Adrian Atiman

Udongo wa Ufipa katika sehemu nyingi hauna nguvu nyingi. Kwa hiyo wakulima wa Kifipa walibuni kazi yao wenyewe tangu zamani. Wakati mvua zingali zikinyesha na nyasi zingali mbichi, mkulima hulima nyasi pamoja na udongo, akafanya vilima vidogo vya duara viitwavyo ntumba. Nyasi huzikwa ndani. Mgeni akiona hudhani ya kuwa malisho mazuri yamepotea bure. Lakini nyasi zile huoza polepole zikawa mbolea, na mvua za mwaka wa pili zikija, vilima hutawanywa na ulezi hupandwa pale pale. Katika miezi yote ya katikati mkulima hafukui kilima kila asubuhi apate kutazama kama nyasi zimeoza. Huenda akafanya kazi nyingine.

Tumaini la Mkristo katika taabu lina mfano wa hayo. Watu wengi hukosea hapa, hudhani ya kuwa kutumaini ni kusema, “Kesho mambo yatakuwa mema.” Mtu aweza kusema hivyo, na kesho mambo yakazidi kuwa mabaya, naye akaacha sala, akasema Mungu amemdanganya. Kumbe Mungu hakumwahidi kesho isiyo na shida. Kutumaini ni kushika wajibu wa leo, kwa kuwa Mungu yupo, hata kama mavuno hayaonekani.

Jambo hili laonekana wazi katika maisha ya Adrian Atiman, aliyekaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa.

Atiman hakuzaliwa katika nchi hizi. Alizaliwa karibu mwaka wa 1866 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe, watu wa shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka wa 1868, wakamkomboa kwa fedha. Wakamlea na kumfundisha dini, naye akabatizwa. Baadaye wakampeleka kisiwa cha Malta, kwa maana Lavigerie alitaka vijana wa Kiafrika wajifunze uganga wa hospitali, wapate kuponya watu na kufundisha dini pamoja. Atiman akasoma huko hata mwaka wa 1888.

Wengine husema ya kwamba utumwa wake ulikuwa heri, maana ndio uliomfikisha kwenye ubatizo. Maneno hayo si ya kweli. Waliomwiba mtoto kwa mama yake walitenda dhambi kubwa, na mwisho mwema haukuigeuza kuwa tendo jema. Ndugu zake Yosefu nao walitenda uovu walipomwuza apelekwe Misri; Mungu ndiye aliyejua kutoa jema katika uovu wao. Kushika imani si kuita kibaya kizuri.

Mwaka ule wa 1888 Atiman akasafiri pamoja na msafara wa mapadre. Walitembea kwa miguu toka pwani kwa miezi kadhaa, na mwaka wa 1889 akafika Karema. Palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka wa 1879, nao walikuwa wamewapa mapadre mwaka wa 1885. Ndani ya kijiji cha misioni walikaa watoto wengi waliokombolewa katika utumwa. Basi mganga mgeni alipowatazama watoto wale, aliona hali aliyokuwa nayo yeye mwenyewe. Hakuwa na haja ya kuhadithiwa machungu yao.

Karema ya siku zile haikuwa mahali pa raha. Vita vya kukamata watumwa vilikuwa havijakwisha pande za ziwa. Homa iliwaua wamisionari wengi. Askofu Léonce Bridoux, aliyeuongoza msafara wao, alikufa mwaka wa 1890, baada ya muda mfupi tu. Ndui ilikuwapo, kisha malale ikaenea mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa zilikuwa chache, na za magonjwa mengine hazikuwapo kabisa. Mganga aliyesoma kwa miaka mingi alipaswa kukaa karibu na mtu anayekufa, huku akijua kwamba hana la kumpa ila maji na maneno ya faraja. Taabu ya namna hiyo huvunja moyo wa mwenye elimu kuliko wa asiye nayo.

Lakini Atiman hakuondoka. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende, na nchi ya mkewe ikawa nchi yake. Asubuhi aliwaosha wenye vidonda. Tena alikuwa katekista, akawafundisha watu dini. Mtoto wao Joseph akapewa daraja ya upadre mwaka wa 1923.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ikafika ziwani na Ufipa pia. Wanaume wengi wa nchi wakachukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi kwao. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyewaongoza Wakristo wa pande hizi tangu mwaka wa 1891, akafa mwaka wa 1917. Baada ya vita ikaja homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Mganga wa Karema alikuwa bado kazini.

Alikaa kazini humo miaka 67, akafa Karema mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka karibu 90. Miaka miwili baadaye Mwafrika, Charles Msakila, akawa askofu wa Karema. Mwaka wa 1969 jimbo hilo likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Na katika mji huo iko hospitali inayoitwa Dr. Atiman, ambako wagonjwa wa Ufipa hupelekwa hata leo.